Alama mbili pungufu: mwongozo kamili wa kuomba karatasi ya GCSE au A-level ipitiwe upya

Matokeo ya A-level (mitihani ya kuingilia chuo kikuu, ya umri wa miaka 18 hivi) hutoka Alhamisi ya katikati ya Agosti, na ya GCSE (ya umri wa miaka 16 hivi) hutoka Alhamisi inayofuata. Mwaka 2024 tarehe zilikuwa 15 na 22, mwaka 2025 zikawa 14 na 21. Kuanzia asubuhi hiyo saa zinahesabika, kwa sababu mtoto aliyekosa daraja kwa alama mbili tatu ana njia rasmi ya kuomba usahihishaji upitiwe upya. Njia hiyo ina mlango mmoja tu, ina bei, ina tarehe ya mwisho, na alama zinaweza kushuka badala ya kupanda. Mwongozo huu ni kwa wazazi na wanafunzi wanaosoma England, Wales na Ireland Kaskazini. Scotland ina utaratibu wake, nao umeelezwa baadaye.

Mzazi aliyekulia kwenye matokeo ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, abadilishe hesabu kichwani kwanza. Hapa hakuna divisheni wala jumla ya pointi. Kila somo linasimama peke yake, na kwenye GCSE za England 9 ndilo daraja la juu kabisa, 1 la chini. Anayeona mtoto kapata 7 asidhani ni pointi za kushangilia, na anayeona 1 asipige vigelegele. Daraja la 4 ndilo linalohesabiwa kuwa kufaulu kwa kawaida, la 5 ni kufaulu vizuri. Wales na Ireland Kaskazini bado hutumia herufi. Faida ya mfumo huu kwa habari yetu ni kwamba unashughulikia somo moja bila kugusa mengine.

Mlango ni shule

Bodi zinazotunga na kusahihisha ni kadhaa: AQA, Pearson Edexcel, OCR, WJEC (kwa England hujulikana kama Eduqas) na CCEA. Zote hufuata utaratibu mmoja uliowekwa na baraza lao la pamoja, JCQ. Mtoto mmoja anaweza kuwa na hisabati ya Pearson, Kiingereza cha AQA na kompyuta ya OCR, kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua somo lako ni la bodi gani. Limeandikwa kwenye karatasi ya matokeo.

Mwanafunzi wa shule hawezi kuiandikia bodi, na mzazi pia hawezi. Barua pepe yako kwa AQA itarudishwa na maneno ya heshima yakikuelekeza shuleni. Ombi hutumwa na shule, na mtu wa kumtafuta ni ofisa mitihani. Mwalimu wa somo unamhitaji pia, kwa kazi nyingine itakayokuja mbele. Mwalimu mkuu mwache kwanza, labda uje umhitaji baadaye.

Agosti ni likizo. Siku ya matokeo ofisa mitihani yupo, walimu wa masomo wengi wapo, na ukumbini kuna meza ya watu wa kujibu maswali. Wiki inayofuata huenda ukakuta geti limefungwa na simu inaita tu. Ndiyo maana haifai kupokea matokeo kwa simu ya mkononi ukiwa kitandani halafu kuanza kuulizia Jumatatu. Nenda shuleni siku hiyohiyo, na usiondoke bila vitu vitatu: alama za kila karatasi (si daraja tu), fomu ya shule ya kuomba huduma za baada ya matokeo pamoja na orodha ya bei, na tarehe ya mwisho ya shule yenyewe.

Hiyo tarehe ya shule ndiyo huwaponza watu. Bodi hupokea maombi ya kawaida hadi mwishoni mwa Septemba. Kwa mitihani ya 2024 ilikuwa tarehe 26 Septemba. Shule karibu zote huweka tarehe yao mapema zaidi ili wapate muda wa kushughulikia fomu. Ukifika na fomu siku bodi inafunga, shule ina haki ya kukwambia umechelewa.

Huduma zenyewe

Huduma ya 1 ni ukaguzi wa kikarani. Anayekagua hasomi ubora wa majibu. Anaangalia kama kurasa zote zilisahihishwa, kama alama zote zilihesabiwa, na kama jumla iliyoandikwa ndiyo iliyotangazwa. Hukamilika ndani ya siku 10 za kalenda na ni nafuu. Kwa karatasi za kuchagua jibu zinazosahihishwa na mashine, hii ndiyo huduma pekee yenye maana. Kwa karatasi nyingine usitarajie makubwa. Siku hizi karatasi huskaniwa na kusahihishwa kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayojumlisha, kwa hiyo lile kosa la zamani la mwalimu kujumlisha vibaya limebaki nadra. Kinachoweza kupatikana ni ukurasa au karatasi ya ziada ambayo haikuonekana.

Huduma ya 2 ndiyo wengi wanayoitaka hata wanaposema "rufaa". Kwenye fomu huandikwa Review of Marking. Mkaguzi aliyefunzwa hupitia usahihishaji wa karatasi nzima akiulinganisha na mwongozo wa kusahihishia, na ukaguzi wa kikarani umo ndani yake, kwa hiyo huna haja ya kulipia zote mbili. Muda ni siku 20 za kalenda tangu bodi ipokee ombi.

Kuna Huduma ya 2 ya haraka, ya siku 15, iliyowekwa hasa kwa watahiniwa wa A-level ambao nafasi yao ya chuo kikuu inategemea matokeo hayo. Dirisha lake hufungwa wiki moja tu baada ya siku ya matokeo. Mwaka 2024 lilifungwa tarehe 22 Agosti.

Huduma ya 3 inahusu kazi za darasani zilizosahihishwa na walimu wa shule kisha sampuli ikaangaliwa na bodi: miradi ya sanaa, teknolojia, insha ndefu ya historia ya A-level na kadhalika. Mwanafunzi mmoja hawezi kuiomba. Inahusu kundi zima, na haipatikani kabisa ikiwa bodi ilizikubali alama za shule bila kuzibadilisha. Hapa watu hupoteza nguvu bure Agosti. Nafasi ya kupinga alama ya mradi ilikuwepo muhula wa pili, kabla shule haijapeleka alama, kwa sababu shule inawajibika kumwambia mwanafunzi alama aliyompa na kumruhusu aombe ipitiwe ndani ya shule. Kama mtoto wako yuko mwaka wa 10 au wa 12 sasa, liandike mahali utakapoliona.

Mwisho kuna nakala ya karatasi yako iliyosahihishwa. Pearson huitoa bure, na kwa bodi nyingine angalia orodha ya bei. Kwa maoni yetu, hii ndiyo huduma yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Mkaguzi hasahihishi upya

Hapa ndipo matarajio na uhalisia huachana. Tangu 2016, Ofqual, chombo kinachosimamia mitihani ya England, kimezitaka bodi zibadilishe alama pale tu palipo na kosa la usahihishaji. Mkaguzi anaiona alama ya kwanza. Anajiuliza: je, msahihishaji mwenye akili timamu, akifuata mwongozo, angeweza kutoa alama hii? Jibu likiwa ndiyo, alama inabaki, hata kama yeye mwenyewe angetoa moja au mbili zaidi. Haruhusiwi kuongeza kwa huruma kwa sababu mtoto yuko ukingoni, wala kupunguza kwa sababu tu anaona mwenzake alikuwa mkarimu.

Ndiyo kusema hoja ya "mtoto wangu alifanya kazi kwa bidii" au "mwalimu alimtabiria 7" haina mahali pa kukaa. Mkaguzi haisomi. Hata ugonjwa siku ya mtihani hauangaliwi hapa. Ombi la kuzingatiwa kwa sababu ya ugonjwa au msiba hupelekwa na shule wakati wa msimu wa mitihani wenyewe, na Agosti mlango huo umeshafungwa.

Kosa la kweli hufananaje? Kwenye hisabati, swali la alama 4 ambalo jibu la mwisho si sahihi lakini hatua zote zinaonekana, na msahihishaji akatoa 0 badala ya alama za njia. Au mtoto alikosea kipengele (a), akatumia jibu hilo bovu kwa usahihi kwenye (b), na mwongozo unaruhusu alama za kufuatia, lakini hakupewa. Kwenye sayansi, jibu lililo kwenye orodha ya majibu mbadala ya mwongozo likakatwa. Kwenye somo lolote, jibu lililoendelea kwenye ukurasa wa nyuma au karatasi ya ziada likasahihishwa nusu yake ya kwanza tu.

Insha ni ngumu zaidi. Majibu ya Kiingereza, historia au dini husahihishwa kwa viwango: kiwango cha 3 labda ni alama 11 hadi 15, cha 4 ni 16 hadi 20. Tofauti ya alama moja au mbili ndani ya kiwango kilekile ni hukumu ya msahihishaji, na mkaguzi ataiacha. Kinachobadilishwa ni pale insha ilipowekwa kwenye kiwango ambacho maelezo yake hayafanani kabisa na kilichoandikwa. Masomo haya ndiyo yenye nafasi kubwa ya kosa la aina hiyo, lakini pia ndiyo yenye nafasi kubwa ya kushuka.

Jambo jingine la kujua ni kwamba karatasi iliyoskaniwa mara nyingi hukatwa maswali na kugawiwa wasahihishaji tofauti. Dhana ya "msahihishaji mmoja alimchukia" haishiki. Kosa likiwepo, tafuta swali moja au mawili yaliyokaa vibaya, usitafute karatasi nzima iliyosahihishwa kwa ukali.

Hesabu kabla ya kutoa hela

Unahitaji namba tatu: jumla ya alama za mtoto, mpaka wa daraja la juu yake, na mpaka wa daraja alilopo. Bodi huchapisha mipaka ya madaraja kwenye tovuti zao siku ya matokeo. Hakikisha unasoma somo sahihi, msimu sahihi na, kwa hisabati na sayansi, ngazi sahihi ya karatasi, kwani mipaka ya ngazi ya juu na ya msingi haifanani.

Chukua hisabati ya GCSE ya AQA au Pearson: karatasi tatu, kila moja alama 80, jumla 240. Tuseme, kwa mfano tu, mpaka wa daraja la 5 ni 120 na wa daraja la 4 ni 92. Mtoto mwenye 118 amepungukiwa 2, na chini yake ana akiba ya 26. Ombi lake lina mantiki: anahitaji kosa dogo moja, na hata alama zikishuka tano habadiliki daraja. Mtoto mwenye 93 anayelilia 5 anahitaji alama 27, jambo ambalo kosa la usahihishaji karibu haliwezi kuleta, na huku amesimama alama moja tu juu ya shimo. Huyo akiomba anacheza kamari na daraja alilonalo. Likishuka, limeshuka, huwezi kusema "basi, nirudishie la kwanza".

Kama kipimo cha haraka, linganisha upungufu na jumla ya alama za somo. Ukiwa ndani ya asilimia 1 au 2 ya jumla, endelea kufikiria. Ukizidi 5, acha, isipokuwa umeona kitu cha wazi kwenye nakala ya karatasi. Sayansi ya pamoja ya AQA ina karatasi sita za alama 70, yaani 420, kwa hiyo alama 4 pale si sawa na alama 4 kwenye Kiingereza chenye jumla ya 160.

Bei hutozwa kwa karatasi, si kwa somo. Huduma ya 2 kwa kawaida huwa kati ya pauni 40 na 60 na kitu kwa karatasi moja, kutegemea bodi na ngazi, na ya haraka huzidi hapo. Ukiomba karatasi zote tatu za hisabati kwa pauni 45 kila moja, ni pauni 135. Ndiyo maana inafaa kujua ni karatasi ipi. Daraja la somo likibadilika, ada hurudishwa. Alama zikipanda lakini daraja likabaki palepale, hakuna kurudishiwa. Shule nyingine huongeza ada ndogo ya kushughulikia, nyingine hulipa zenyewe pale mwalimu anapoamini kuna kosa. Uliza, usione haya.

Kuisoma karatasi na mwalimu

Omba nakala kwanza, ndipo uamue. Hakikisha ni nakala, si karatasi halisi: ukichukua karatasi halisi, haiwezi tena kupitiwa. Tarehe za kuomba nakala ya kukusaidia kuamua huwa mapema kuliko tarehe ya mwisho ya ombi lenyewe, kwa hiyo hili pia ni la siku ya matokeo au kesho yake.

Mwongozo wa kusahihishia wa msimu mpya huwa haujawekwa hadharani. Mwalimu anaufikia kwenye eneo la walimu la bodi. Ndiyo kazi ya mwalimu wa somo niliyotaja juu. Mwombe dakika ishirini, na mpitie hivi:

1. Hesabu kurasa. Karatasi za ziada zimo? Mtoto aliyeandika kwa kompyuta kwa sababu ya mahitaji maalumu, kurasa zake zilizochapishwa zimo zote?
2. Tafuta majibu yasiyo na alama wala dalili kwamba yalisomwa, hasa yaliyoandikwa nje ya nafasi ya swali au pembeni.
3. Nenda kwenye maswali yenye alama nyingi yaliyopata 0 au 1. Linganisha na mwongozo mstari kwa mstari.
4. Andika namba ya swali, alama iliyotolewa, alama ambayo mwongozo unaruhusu, na sababu kwa maneno ya mwongozo wenyewe.
5. Angalia pia alipopewa zaidi ya anachostahili. Watu hawafanyi hivi. Mkaguzi hupitia karatasi nzima, na swali alilopata kwa ukarimu wa wazi linaweza kukatwa na kufuta ulichopata kwingine.

Mkimaliza, toa jumla ya namba ya tano kwenye ile ya nne. Kilichobaki kikitosha kuvuka mpaka, omba. Kisipotosha, umeokoa pauni zako.

Mwandiko usiosomeka si kosa la msahihishaji, na jibu sahihi lililofutwa kwa mstari halafu likaandikwa lisilo sahihi badala yake mara nyingi halitaokoka.

Kuna hali moja isiyosubiri haya yote. Kama alama za karatasi moja ni sifuri, au mtoto ameandikwa hakuhudhuria wakati alikaa ukumbini, ofisa mitihani aipigie bodi siku hiyohiyo. Hapo tatizo ni karatasi iliyopotea au orodha ya mahudhurio, na shule ina kumbukumbu za kuthibitisha. Kulipia Huduma ya 2 kwa jambo hilo ni kupoteza muda.

Kutuma ombi

Ridhaa ni ya mwanafunzi, si ya mzazi, na lazima iwe ya maandishi baada ya matokeo kutoka. Sababu ni ileile: alama zinaweza kushuka, na ni zake. Barua pepe kutoka kwa mwanafunzi hutosha katika shule nyingi. Fomu iliyosainiwa na baba peke yake itarudishwa, na siku zimekwenda.

Kwenye fomu au barua pepe weka jina kamili kama lilivyosajiliwa, namba ya mtahiniwa (tarakimu nne), bodi, somo, namba ya karatasi inayoombwa, aina ya huduma, na sentensi ya wazi kwamba mwanafunzi anaelewa alama na daraja vinaweza kupanda, kushuka au kubaki. Kwa A-level taja kama ni ya haraka. Familia zetu nyingi zina majina yaliyoandikwa namna mbili, moja la pasipoti na jingine la shule. Tumia la karatasi ya matokeo.

Lipa siku hiyohiyo na uhifadhi risiti. Siku mbili baadaye muulize ofisa mitihani kama ombi limeingizwa kwenye mfumo wa bodi na likathibitishwa. Swali hilo dogo huokoa wengi, kwani siku 20 zinaanza bodi inapopokea, si wewe unapolipa.

Chuo na nafasi ya sekondari ya juu havingoji

Mwenye A-level aliyekosa sharti la chuo afanye mambo mawili kwa wakati mmoja. Asubuhi ya matokeo aipigie simu ofisi ya udahili ya chuo chake cha kwanza, yeye mwenyewe si mzazi, aseme ameomba huduma ya haraka na aulize kama watamshikia nafasi. Hawalazimiki, lakini wengine hukubali. Tarehe inayotajwa na UCAS, shirika linaloshughulikia maombi ya vyuo vikuu, ya kukamilisha masharti ni 31 Agosti, na siku 15 kutoka katikati ya mwezi zinafika hapohapo, kwa hiyo kuomba siku ya tano badala ya siku ya kwanza kunaweza kukutoa nje. Huku akingoja, aangalie nafasi za Clearing, yaani utaratibu wa kujaza nafasi zilizobaki vyuoni. Akikubali nafasi nyingine kabla majibu hayajarudi, aulize kwanza nini kitatokea daraja likipanda. Baadhi ya vyuo humpa nafasi ya mwaka unaofuata.

Kwa GCSE shinikizo ni la chuo cha kidato cha juu. Wapelekee barua pepe ya shule inayoonesha ombi limetumwa. Vingi humwandikisha mwanafunzi kwa masharti. Aliyekosa 4 kwenye Kiingereza au hisabati atalazimika kuendelea na somo hilo, na kuna mtihani wa kurudia Novemba kwa masomo hayo mawili. Usajili wake hufungwa mapema Oktoba. Majibu ya Huduma ya 2 yakichelewa, msajili tu.

Shule ikikataa

Inaweza kukataa kutuma ombi ikiona halina msingi. Lakini JCQ inaitaka kila shule iwe na utaratibu wa ndani wa malalamiko unaohusu uamuzi huo hasa, na uwe unapatikana kwa wazazi. Uombe kwa maandishi, jibu kwa hoja za ile orodha ya maswali uliyoandaa na mwalimu, na uonyeshe uko tayari kulipa. Mara nyingi ukataaji huishia hapo.

Majibu yakirudi

Shule hupokea alama mpya au uthibitisho wa zile za zamani. Ukitaka kujua mkaguzi aliamuaje, omba sababu kupitia shule, kwa sababu utazihitaji kama unakusudia kwenda mbele. Karatasi moja hupitiwa mara moja tu. Huwezi kulipa tena upate mkaguzi mwingine.

Hatua inayofuata ndiyo rufaa kwa maana yake kamili. Shule huiwasilisha bodini ndani ya siku 30 za kalenda tangu ipokee majibu. Misingi ni miwili: kosa la usahihishaji limebaki bila kurekebishwa, au bodi haikufuata taratibu zake. "Hatukubaliani na alama" si msingi. Andika swali la ngapi, mwongozo unasema nini, jibu linasema nini kwa maneno yake, na kwa nini hakuna msahihishaji mwenye akili timamu angeweza kutoa alama ile. Rufaa ya ukurasa mmoja yenye maswali mawili yaliyothibitishwa ina nguvu kuliko kurasa sita za uchungu. Ada yake ni kubwa kuliko ya ukaguzi, nayo hurudishwa ikikubaliwa. Baada ya bodi, kwa England, inabaki huduma ya Ofqual ya kupitia taratibu za mitihani, ambayo huangalia kama bodi ilifuata kanuni na haimpi mtu alama.

Wasio katika mkondo huu

Mtahiniwa binafsi aliyefanyia mtihani kwenye kituo cha kukodi anaweza kupitia kituo hicho, na bodi nyingi humruhusu kuomba mwenyewe moja kwa moja. Awe na namba ya kituo na ya mtahiniwa mkononi.

Scotland hutoa matokeo mapema Agosti, na mwanafunzi anaweza kuomba mwenyewe, bure. Alama zinaweza kushuka huko pia, kwa hiyo hesabu ya mipaka inabaki ileile, ila dirisha ni fupi zaidi na hufungwa Agosti hiyohiyo.

Wanaofanya IGCSE (GCSE ya kimataifa) au A-level za Cambridge au Pearson Dar es Salaam, Nairobi au Kampala nao wana bodi za Uingereza, na mlango wao pia ni ofisa mitihani wa shule. Pearson hutumia huduma zinazofanana na zilizoelezwa hapa. Cambridge ina namba zake za huduma, bei zake na tarehe zake, kwa hiyo omba jedwali la msimu wako kabla ya kujaza fomu, na kumbuka kwamba shule ikifunga kwa likizo ya Agosti, siku zinaendelea kuhesabiwa.